Daktari Anajibu: Kipanda uso si malaria, wala si kisingizio

Barua za kuumwa kichwa zimekuwa nyingi kuliko za maradhi mengine tuliyoyagusa katika safu hii mwaka huu, na nyingi kati yake zinahusu kipanda uso. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa watu wengi, nikaondoa majina ya walioziandika. Nimezisoma kwa masikitiko, kwa sababu karibu kila mwandishi ameshapoteza fedha na miaka akitibiwa kitu kingine, ilhali ugonjwa wake hutambuliwa kwa maswali ya robo saa kutoka kwa mhudumu wa afya mwenye subira ya kusikiliza.

Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina umri wa miaka 34. Tangu nikiwa kidato cha pili ninaumwa kichwa upande mmoja, mara kushoto, mara kulia. Kinadunda karibu na jicho, natapika, na siwezi kuvumilia mwanga wala sauti za wanafunzi. Hunichukua siku nzima, wakati mwingine mbili, hasa ninapokaribia hedhi. Siku moja kabla huwa napiga miayo ovyo na kutamani vitu vitamu. Homa sina. Kila nikienda zahanati napimwa malaria, na nikikutwa sina naambiwa imejificha au ni taifodi, kisha napewa dawa. Je, ipo malaria isiyoonekana kwenye kipimo? Na je, nipige picha ya CT scan ya kichwa?

Marahaba, mwalimu. Maelezo yako peke yake yamefanya sehemu kubwa ya kazi ya daktari.

Kipanda uso hakina kipimo cha damu, wala picha inayokionyesha. Wataalamu wa maumivu ya kichwa wamekubaliana kukitambua kwa sifa zake: mgonjwa awe amepatwa na mashambulizi yasiyopungua matano, kila moja likidumu kati ya saa 4 na saa 72 lisipotibiwa, maumivu yawe na angalau sifa mbili kati ya nne, yaani kukaa upande mmoja, kudunda, kuwa makali kiasi cha kumkwamisha mtu, na kuzidi anapotembea au kupanda ngazi, kisha apate kichefuchefu au atapike, au asiweze kuvumilia mwanga na sauti kwa pamoja. Nawe umezitaja karibu zote bila kuulizwa. Ile miayo na hamu ya vitu vitamu ni dalili ya shambulio ambalo limekwisha kuanza ndani ya ubongo saa nyingi kabla ya maumivu. Wengi huilaumu soda au chokoleti ya jana yake, kumbe hamu yenyewe ilikuwa tayari ni sehemu ya ugonjwa.

Mtu mwenye kipanda uso huzaliwa na ubongo mwepesi kushtuka, na mara nyingi ameurithi kwa mzazi mmoja au kwa bibi yake. Nyama ya ubongo haina hisia ya maumivu, lakini utando unaoufunika, pamoja na mishipa ya damu iliyomo humo, unafikiwa na neva kubwa ya uso, ileile inayoleta hisia za paji la uso, jicho na taya. Neva hiyo ikichochewa humwaga kemikali, mojawapo ikiitwa kwa kifupi CGRP, ambazo hutanua mishipa na kuipa neva ukali zaidi, hata mapigo ya kawaida ya moyo yakasikika kichwani kama maumivu. Kwa wanawake, kushuka kwa homoni ya estrojeni siku chache kabla ya hedhi ni kichocheo kikubwa, nayo ni sababu mojawapo ya ugonjwa huu kuwapata wanawake karibu mara tatu zaidi ya wanaume. Duniani kote inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya saba anao. Kwa hiyo katika chumba chenu cha walimu yamkini hauko peke yako.

Sasa malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na ushauri huo hauna maana ikiwa jibu la hasi halitaheshimiwa. Mtu mwenye homa ambaye kipimo chake ni hasi anaweza kurudia kupima baada ya siku moja au mbili. Lakini mtu asiye na homa, mwenye kichwa cha upande mmoja ambacho kimekuja na kwenda kwa namna ileile kwa karibu miaka ishirini, hahitaji kutafutiwa malaria iliyojificha. Upo pia mtego wa upande wa pili: kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo aliyetibiwa mwezi uliopita akaumwa tena kichwa huambiwa kwamba malaria imerudi. Kuhusu taifodi, kipimo cha damu cha Widal kinachotumika sana katika vituo vyetu hakitoshi kumhukumu mtu kwamba ni mgonjwa.

Pengine unajiuliza kwa nini, basi, dawa mseto za malaria ulizopewa zilionekana kukusaidia. Dozi yake humezwa kwa siku tatu, na siku tatu ndiyo muda ambao shambulio la kipanda uso huisha lenyewe. Ungepona hata kama ungekunywa maji matupu. Nimeona ulingano huu ukiwadanganya wagonjwa na watabibu wazuri kabisa, na nadhani ndio unaoendeleza desturi hii kuliko uzembe wa mtu yeyote.

Picha ya CT huihitaji kwa sasa. Kichwa chenye historia ndefu, kisichobadilika tabia, kinachohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, cha mtu ambaye akipimwa presha, macho kwa ndani, na nguvu za mikono na miguu anakutwa yuko sawa, kwa kawaida picha yake haionyeshi kitu. Fedha hizo zitakufaa kwingine.

Kinachokufaa ni dawa ya maumivu iliyomezwa mapema na kwa kipimo kinachotosha. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la mtu kuvumilia mpaka saa sita mchana, kisha akameza kidonge kimoja. Wakati wa shambulio tumbo hupunguza kasi ya kusukuma chakula, na kidonge kilichochelewa hulala humo bila kufika kwenye damu. Mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito, na ambaye dawa za jamii hiyo hazimdhuru, anaweza kumeza ibuprofeni miligramu 400, au aspirini miligramu 900 iliyoyeyushwa katika maji, mara maumivu yanapoanza. Asiyeweza dawa hizo atumie parasetamoli miligramu 1,000, yaani vidonge viwili vya kawaida. Ikiwa unatapika, mwombe mhudumu akuandikie dawa ya kuzuia kutapika kama metoklopramidi, ambayo pia huliamsha tumbo lifanye kazi. Ikiwa hayo yote yamejaribiwa vizuri katika mashambulizi matatu bila nafuu, uliza kuhusu sumatriptani, dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa ugonjwa huu na ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Hiyo haimfai mtu mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa, kwa hiyo usiazime ya jirani.

Kisha nunua daftari dogo. Andika siku kichwa kilipouma, saa kilipoanza, siku za hedhi, ulilala saa ngapi, ulikula saa ngapi, na dawa uliyomeza. Wagonjwa wengi huja na orodha ndefu ya vyakula walivyokatazwa na watu, na mimi orodha hizo siziamini sana; baada ya miezi miwili au mitatu ya daftari, linaloonekana mara nyingi ni mlo uliorukwa, usingizi uliopungua au kuzidi, na jua kali la mchana. Mwalimu anayetoka nyumbani bila kifungua kinywa na kusimama darasani hadi saa saba ana hakika ya kulipa deni hilo. Kula kwa saa zilezile na kulala kwa saa zilezile, hata mwishoni mwa juma, husaidia kuliko kuogopa kila tunda.

Hujambo daktari? Mimi ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala. Zamani kichwa kilinishika mara mbili kwa mwezi. Sasa huu ni mwaka wa pili nikiamka nacho karibu kila siku. Nimekuwa nikimeza vidonge viwili vya maumivu, vile vyenye kafeini, kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, na vingine jioni. Visipokuwepo kwenye dashibodi siwezi kuondoka. Je, nimezoea dawa na sasa nitafute yenye nguvu zaidi?

Sijambo, ndugu yangu. Tafadhali usitafute yenye nguvu zaidi. Dawa unazomeza ndizo zinazokiamsha kichwa chako kila asubuhi.

Jambo hili ni geni kwa watu wengi, nami natamani lingeandikwa kwenye kila paketi. Mtu aliyezaliwa na kipanda uso akimeza dawa za maumivu kwa siku nyingi mno, ubongo wake hubadilika: kizingiti cha maumivu hushuka, na kila dawa inapoisha mwilini kichwa hurudi kudai nyingine. Kwa dawa za kawaida kama parasetamoli, ibuprofeni au aspirini, hatari huanza mtu anapozitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa dawa za mchanganyiko, zikiwamo hizo zako zenye kafeini, na kwa sumatriptani au dawa zenye kodeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta madhara. Angalia kwamba ninahesabu siku, sihesabu vidonge. Anayemeza kidonge kimoja kila siku yuko hatarini kuliko anayemeza vinne katika siku mbili za mwezi.

Njia ya kutoka ni kuziacha. Kwa dawa za aina yako inawezekana kuziacha kwa mara moja, lakini ni lazima nikuambie ukweli kwamba kichwa kitakuwa kibaya zaidi kwanza, kwa kawaida kati ya siku mbili na siku kumi, pamoja na kichefuchefu, wasiwasi na usingizi mbovu. Kwa hiyo usianze siku ambayo una safari. Omba likizo, waeleze watu wa nyumbani, na umwone daktari kabla ya kuanza, kwa sababu anaweza kukuanzishia dawa ya kinga siku hiyohiyo na kukupa kitu cha kukuvusha siku ngumu. Akukague pia presha, figo na tumbo, maana miaka miwili ya dawa za maumivu haipiti hivihivi. Wasomaji wengine wanaotumia dawa zenye kodeini, tramadoli au dawa za usingizi kila siku wasiziache kwa ghafla bila msimamizi, kwa sababu hizo zinahitaji kupunguzwa taratibu.

Punguza na kahawa pamoja na vinywaji vya kuongeza nguvu, hatua kwa hatua kwa wiki mbili. Na miraa ya usiku, ndugu yangu, hata ikikuweka macho hadi Malaba, usingizi ilioufukuza huja kudaiwa kesho yake kwa njia ya kichwa. Wengi wanaovuka wiki hizo za mwanzo hurudi kwenye mashambulizi yao ya zamani, yale ya mara mbili kwa mwezi, ambayo yanatibika. Ukifika hapo, jiwekee mpaka wa siku mbili za dawa kwa wiki, usiuvuke.

Daktari, nina miaka 26, naishi Kisumu. Kabla kichwa hakijaanza huwa naona doa karibu na katikati ya macho, kisha doa linazungukwa na mistari iliyovunjika inayometameta, linakua na kwenda pembeni. Nikisoma, nusu ya neno hupotea. Siku nyingine vidole vya mkono wa kulia hufa ganzi, ganzi inapanda hadi kwenye mdomo. Baada ya nusu saa yote huisha na kichwa huanza. Naogopa ni kiharusi. Natumia vidonge vya kupanga uzazi, na sikuulizwa chochote nilipopewa.

Binti yangu, umeeleza kwa uangalifu mkubwa, na swali lako la mwisho ndilo la haraka zaidi, kwa hiyo naanza nalo. Mwanamke mwenye kipanda uso kinachotanguliwa na dalili kama zako hapaswi kutumia vidonge vya uzazi vyenye homoni mbili, yaani vyenye estrojeni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umeviweka katika daraja la nne, ambalo maana yake ni kwamba visitumike, katika umri wowote, kwa sababu mwenye dalili hizo ana hatari ya kiharusi iliyo juu kidogo, na estrojeni huiongeza. Uvutaji wa sigara huiongeza tena. Nenda kliniki wiki hii na paketi yako mkononi, uwaambie neno kwa neno ulivyoniandikia. Kuna kijiti, sindano, kitanzi, na vidonge vya homoni moja, ambavyo vyote vinaweza kukufaa. Ukiacha vidonge kabla ya kupata njia nyingine, tumia kondomu.

Unachokiona chenyewe ni wimbi. Mtafiti wa Brazili, Aristides Leão, alilieleza mwaka 1944 alipokuwa akichunguza ubongo wa sungura: msisimko mfupi wa seli unaofuatwa na utulivu, unaotambaa juu ya ubongo kwa mwendo wa takriban milimita tatu kwa dakika. Likipita sehemu ya kuona, doa hukua polepole. Likifika sehemu ya hisia, ganzi hupanda kutoka vidoleni hadi mdomoni. Upolepole huo ndio unaotofautisha. Dalili za kipanda uso huenea kwa dakika tano au zaidi, na kila moja huisha ndani ya saa moja. Kiharusi kwa kawaida huangusha kila kitu kwa mara moja: mkono unaishiwa nguvu, mdomo unapinda, maneno yanakwama. Ikikutokea hivyo, au dalili zikapita saa moja, usisubiri kichwa kianze. Nenda hospitali papo hapo. Na kama hujawahi kukaguliwa na daktari tangu dalili hizi zianze, mhudumu wa kliniki akuandikie barua ya kumwona.

Assalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa nyumbani, Tanga. Kila Ramadhani, hasa siku za mwanzo, kipanda uso hunishika alasiri mpaka nashindwa kupika futari. Nifunge au niache?

Wa aleikum salaam, mama. Uamuzi wa kufunga ni wa ibada, na mgonjwa amepewa ruhusa yake katika Qurani yenyewe. Zungumza na sheikh wako mapema, ukiwa na maelezo ya daktari. Mimi nitajibu upande wa mwili.

Siku za mwanzo ni ngumu kwa sababu mambo manne hukutana kwa mpigo: kafeini inakatika, maji yanapungua, mlo unahama, na usingizi unavunjika kwa ajili ya daku na tarawehe. Mtu aliyezoea vikombe vinne vya chai ya rangi na kahawa ya jioni akiviacha ghafla ataumwa kichwa hata kama hana kipanda uso, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo maandalizi ni ya Shaabani. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu au nne, ili Ramadhani ikukute umebaki na kimoja. Sogeza daku karibu na alfajiri kadiri inavyowezekana, na ule chakula kinachokaa tumboni, kama maharage, mayai, mihogo au uji wa mtama, badala ya chai na maandazi. Kunywa maji kidogokidogo tangu futari hadi daku. Kama nyumba inafukizwa udi wakati wa alasiri, ahirisha hadi usiku, kwa kuwa harufu kali ni adui wa wengi wenye ugonjwa huu.

Wapo ambao daktari huwapa dawa ya maumivu inayodumu muda mrefu, kama naprokseni, ya kumeza wakati wa daku katika siku hizo chache za mwanzo, na wengine huanzishiwa dawa ya kinga wiki kadhaa kabla. Lisilofaa ni kungoja kwa saa tano huku unatapika. Kutapika kunakausha mwili, na shambulio lililoachwa hivyo huweza kukuchukua hadi kesho kutwa, ukakosa na saumu ya siku mbili zinazofuata.

Daktari, nakuandikia kutoka Mbeya kwa niaba ya mke wangu. Kipanda uso kinamlaza siku sita au saba kila mwezi. Ndugu zangu wanasema anakwepa kazi za shamba. Wengine wanasema ana jini, na alichanjwa chale kwenye paji la uso. Daktari wa wilaya amempa propranololi, lakini nimeambiwa hiyo ni dawa ya presha, na yeye hana presha. Pia binti yetu wa miaka tisa ameanza kuumwa tumbo na kutapika, kisha anapona kabisa.

Ndugu yangu, umefanya vyema kuandika, na ninakuomba uwasomee ndugu zako aya hii. Mama huyu hakwepi. Kutembea tu kunazidisha maumivu yake, kwa hiyo kuinama na jembe juani siku ya shambulio ni mateso ambayo hakuna anayeyavumilia. Anapojifunga kanga kichwani kwa nguvu, akavuta pazia na kulala akiwa na ndoo kando ya kitanda, anafanya hasa kile ambacho daktari angemwambia afanye. Chale hazifiki kwenye neva ninayoieleza hapa, na wembe uliopita kwa mtu mwingine unaweza kuleta homa ya ini au Virusi vya Ukimwi. Kama amechanjwa kwa wembe wa kushirikiana, apimwe.

Daktari wenu yuko sahihi. Propranololi imetumika kuzuia kipanda uso kwa miongo mingi, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hiyohiyo. Anayeumwa siku nne au zaidi kwa mwezi, au anayelazwa kitandani na maumivu kiasi hicho, anastahili dawa ya kinga. Humezwa kila siku, hata siku ambazo kichwa hakiumi, na kipimo huanza kidogo kikapandishwa. Wengi huiacha wiki ya pili wakisema haifanyi kazi, kumbe inahitaji wiki nane hadi kumi na mbili ndipo ihukumiwe. Lengo ni kupunguza siku za maumivu kwa nusu au zaidi. Anayetegemea kupona kabisa atavunjika moyo bure. Kama mke wako ana pumu, amwambie daktari leo, kwa sababu dawa hii inaweza kumbana kifua. Na asiikatishe ghafla.

Ikishindikana, ipo amitriptilini kwa kipimo kidogo cha usiku, inayowafaa hasa wenye usingizi mbovu. Jambo moja nalisisitiza kwa wanawake wote wanaoweza kushika mimba: dawa ya kifafa iitwayo valproeti, ambayo nayo huzuia kipanda uso, isitumike kwao kwa ajili ya kichwa, kwa sababu huleta ulemavu kwa mtoto tumboni na kudhoofisha ukuaji wa akili yake. Tangu mwaka 2018 zimeanza kutolewa sindano zinazozuia ile kemikali ya CGRP, na watafiti wanne walioifungulia njia walitunukiwa tuzo ya kimataifa ya utafiti wa ubongo mwaka 2021. Bei yake bado iko juu sana, lakini zimethibitisha kwamba ugonjwa huu una chanzo kinachoweza kuguswa na dawa, na ndugu zako wanapaswa kulijua hilo.

Kuhusu binti, kipanda uso cha watoto mara nyingi ni cha saa chache, huuma paji zima la uso, na wakati mwingine hujionyesha kwa tumbo na kutapika huku kichwa kikiwa salama. Kwa kuwa mama yake anacho, inawezekana kabisa. Hata hivyo apelekwe kwanza akaguliwe minyoo, mkojo na tumbo lenyewe. Apewe dawa kwa uzito wake, na asipewe aspirini, ambayo haifai kwa walio chini ya miaka 16.

Daktari, mimi ni mzee wa miaka 67, Iringa. Sikuwahi kuumwa kichwa maishani. Wiki tano zilizopita nilianguka kwenye bodaboda, nikajigonga kidogo tu, nikaendelea na shughuli. Sasa wiki ya pili kichwa kinauma, asubuhi zaidi, natapika, na wajukuu wanasema naburuta mguu wa kushoto. Natumia aspirini ndogo ya moyo. Je, ni kipanda uso cha uzeeni?

Shikamoo mzee wangu. Barua yako ilipofika niliwaomba wahariri wakupigie simu siku hiyohiyo. Tunaichapisha kwa ajili ya wengine.

Hiki si kipanda uso mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa mtu wa umri wako, anayetumia aspirini, pigo dogo la kichwa linaweza kuacha damu ikivuja polepole kati ya fuvu na ubongo kwa wiki kadhaa, na mguu unaoburuta ni ishara kwamba ubongo unabanwa. Huyu ndiye anayehitaji CT scan, tena leo, katika hospitali ya rufaa. Damu hiyo ikionekana mapema, mpasuaji huitoa kupitia matundu madogo, na wazee wengi hurudi kutembea vizuri. Usiongeze dawa nyingine ya maumivu, na ile aspirini ya moyo waonyeshe madaktari kabla ya kidonge kinachofuata.

Wengine wa kwenda hospitali bila kungoja ni hawa: anayepatwa na kichwa kikali kuliko vyote maishani kilichofika kilele ndani ya dakika moja, mwenye kichwa pamoja na homa na shingo ngumu, degedege, au kuchanganyikiwa, mwenye kichwa kinachoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, anayeishi na Virusi vya Ukimwi mwenye kichwa kipya kisichokoma, kwa kuwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi huanza hivyo, na mjamzito aliyevuka wiki 20, au aliyejifungua karibuni, mwenye kichwa kikali, macho yenye ukungu au uso uliovimba, ambaye anapaswa kupimwa presha saa hiyohiyo kwa kuhofia kifafa cha mimba, hata kama amekuwa na kipanda uso tangu usichana wake.